Alfred Byrne na Umeya wa Dublin

Mwaka 1930 Bunge la Ayalandi lilipitisha sheria mpya ya kuuendesha mji wa Dublin. Sheria hiyo iliondoa sehemu kubwa ya madaraka katika mikono ya madiwani waliochaguliwa na watu, ikayatia katika mkono wa mtumishi mmoja alipwaye mshahara, aliyeitwa Meneja wa Mji. Mwaka huo huo madiwani wapya walikutana, wakamchagua Alfred Byrne kuwa Meya Mkuu. Akavishwa mkufu wa dhahabu, akapewa jumba la kukaa, na pamoja navyo cheo ambacho ndani yake hamkuwa tena na nguvu nyingi. Mtu mwingine angekifanya cheo hicho kuwa mahali pa kupumzikia. Byrne alikishika miaka tisa mfululizo, akakirudia mara ya kumi katika uzee wake, na katika muda huo akawa mwanasiasa aliyejulikana na kupendwa kuliko wengine wote mjini. Jinsi alivyopendwa hivyo akiwa na cheo kilichotolewa roho ni jambo linalostahili kutazamwa, kwa kuwa ndani yake imo habari ya watu wanyonge na njia wanazozitafuta ili kuifikia serikali yao.

Alizaliwa Dublin tarehe 17 Machi 1882, siku ambayo Waayalandi huadhimisha sikukuu ya Mtakatifu Patrick, katika mitaa iliyo karibu na bandari, upande wa kaskazini wa mto Liffey. Baba yake alikuwa fundi bandarini. Alfred aliacha shule akiwa na umri wa miaka 13, akaingia katika kazi ndogo ndogo, mathalan kutengeneza baiskeli na kuhudumu katika baa, hata akaweza kuweka akiba na kununua baa yake mwenyewe katika barabara ya Talbot. Elimu yake kubwa aliipata nyuma ya meza ya baa hiyo. Katika Dublin ya wakati ule mwenye baa hakuwa muuza vinywaji tu. Wasiojua kusoma vizuri walimletea barua zao. Waliopungukiwa walikunywa kwake kwa deni. Kamati za siasa zilikutana katika chumba chake cha nyuma. Naye alijua ni nani aliyefiwa, ni nani aliyefungwa, na mtoto wa nani anatafutiwa kazi. Ndiyo maana wenye baa na wenye maduka ya vyakula walikuwa wengi katika Baraza la Mji, wala haikuwa ajabu Byrne alipochaguliwa kuwa diwani mwaka 1909.

Ili kuielewa kazi ya diwani wa Dublin yafaa kwanza kuyajua majumba ya mji huo. Katika karne ya kumi na nane mabwana wakubwa walijenga humo nyumba ndefu za matofali, zenye ngazi pana na dari zilizopambwa. Sheria ya Muungano ya mwaka 1800 ilipolifuta Bunge la Dublin na kuwahamishia wabunge wake London, mabwana hao walianza kuhama, na nyumba zao zikashuka hadhi kizazi baada ya kizazi, mpaka zikawa za kupangishwa chumba kwa chumba. Hesabu ya watu ya mwaka 1911 ilikuta jamaa 26,000 hivi katika majumba hayo, na katika hizo jamaa 20,000 zilikuwa na chumba kimoja tu kila moja. Jamaa nzima ilipika, ikalala, ikauguza na kuzalisha humo humo; bomba la maji na choo vilikuwa uani, vikatumiwa na jumba zima. Tarehe 2 Septemba 1913 nyumba mbili za barabara ya Church zilianguka zikaua watu saba. Serikali ikaunda tume. Nayo tume, ilipotoa taarifa yake mwaka 1914, ilieleza wazi jambo ambalo watu wa mji walikuwa wakilijua zamani, kwamba baadhi ya wenye majumba hayo walikuwa ni madiwani wenyewe. Mtu akiisoma taarifa hiyo hashangai kwa nini, miaka kumi baadaye, wengi hawakutoa chozi Baraza lilipovunjwa.

Byrne alipanda cheo akawa diwani mkuu mwaka 1914, na tarehe 1 Oktoba 1915, katika uchaguzi mdogo wa jimbo la Bandari ya Dublin, aliwashinda wagombea wenzake wawili akaenda kukaa katika Bunge la London. Chama chake kilikuwa chama cha John Redmond, kilichoamini kwamba Ayalandi ingepata serikali yake ya ndani kwa njia ya Bunge. Sheria ya kuwapa Waayalandi serikali hiyo ilikuwa imekwisha pitishwa Septemba 1914, kisha ikawekwa kando mpaka vita vya Ulaya vimalizike. Wakati vita vikiendelea yakatokea Maasi ya Pasaka, Aprili 1916. Waingereza waliwapiga risasi viongozi wa maasi na kuwapeleka wengine wengi katika magereza na kambi za Uingereza. Byrne hakuwa mwasi, wala hakupata kujifanya kuwa mmoja wao baadaye, jambo ambalo wengi walilifanya. Lakini aliwafuata wafungwa hao kwa bidii, akauliza habari zao Bungeni, akajishughulisha na jamaa zao waliobaki Dublin bila mlishaji. Ilikuwa kazi ile ile ya nyuma ya meza ya baa, sasa ikifanywa mbele ya mawaziri wa dola kubwa.

Haikumwokoa. Uchaguzi mkuu wa Desemba 1918 ulikifagia chama cha Redmond: Sinn Féin ilipata viti 73 kati ya 105 vya Ayalandi. Kiti cha Byrne kilichukuliwa na Philip Shanahan wa Sinn Féin, ambaye naye, kwa bahati, alikuwa mwenye baa katika mitaa hiyo hiyo. Wapiga kura wa bandarini walibadili siasa, hawakubadili namna ya mtu wamtakaye.

Miaka iliyofuata ilikuwa miaka ya damu, na umeya katika Ayalandi ukawa cheo cha kufia. Tomás Mac Curtain, Meya Mkuu wa Cork, aliuawa nyumbani kwake kwa risasi tarehe 20 Machi 1920. Aliyekishika cheo chake, Terence MacSwiney, alikufa katika gereza la Brixton tarehe 25 Oktoba mwaka huo huo, baada ya kukataa chakula kwa siku 74. Dublin ilikuwa na Meya wake, Laurence O'Neill, na jumba lake la Mansion House lilikuwa limekwisha pokea mkutano wa kwanza wa Bunge la wapigania uhuru tarehe 21 Januari 1919. Katika picha hiyo ya mashujaa Byrne hana mahali. Alibaki pembeni, na aliporudi katika uchaguzi wa Juni 1922 alirudi peke yake, bila chama, akaingia katika Bunge la nchi mpya, ambalo kwa Kiayalandi huitwa Dáil. Tangu siku hiyo hata alipokufa hakuwa mtu wa chama tena, ingawa kura zake Bungeni aghalabu zilikwenda upande wa serikali ya W. T. Cosgrave.

Hapo pana jambo la kuchekesha kidogo. Cosgrave naye alikuwa ametoka katika jamaa ya wauza pombe wa Dublin, naye aliingia katika Baraza la Mji mwaka ule ule wa 1909. Alikijua chombo hicho kwa ndani, na pengine kwa sababu hiyo hakukihurumia. Serikali yake ilitaka nchi yenye hesabu safi na watumishi waadilifu; Baraza lilikuwa na sifa ya kugawa kazi kwa jamaa na marafiki, na zaidi ya hayo madiwani wake walikuwa wakiisumbua serikali kwa habari za wafungwa wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwezi wa Mei 1924 Waziri wa Serikali za Mitaa alilivunja Baraza la Dublin na kuweka makamishna watatu mahali pake. Waliuendesha mji kwa miaka sita. Barabara zilitengenezwa, kodi ya majumba ikadhibitiwa, na wafanya biashara wengi walikuwa radhi hali hiyo iendelee daima. Byrne katika muda huo alikuwa Bungeni, kisha tangu mwaka 1928 katika Baraza la Seneti.

Sheria ya mwaka 1930 ilikuwa suluhu baina ya wale waliotaka makamishna wa kudumu na wale waliotaka madiwani warudi. Mfano wake ulitoka Marekani, ambako miji kadhaa ilikuwa imeanza kuajiri mameneja kama kampuni za biashara ziajirivyo, na mji wa Cork ulikuwa umetangulia kuufuata mwaka 1929. Kwa sheria hiyo Dublin ilipanuliwa na kupewa mitaa ya Pembroke na Rathmines, iliyokuwa ikijitawala; ikapewa madiwani 35, ambao watano kati yao walichaguliwa na wafanya biashara peke yao, haki iliyofutwa baada ya miaka michache. Madiwani waliachiwa mambo machache yaliyotajwa: kupanga kiwango cha kodi ya majumba, kukopa fedha, kutunga kanuni ndogo za mji, kumchagua Meya. Lolote lisilotajwa lilikuwa la Meneja. Yeye ndiye aliyetoa mikataba na kuwaongoza wafanyakazi, na yeye ndiye aliyeamua ni jamaa gani itakayopewa nyumba ya mji. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa kubwa kwa watu. Meneja wa kwanza, Gerald Sherlock, alikuwa karani mkuu wa mji, mtu wa mafaili. Wapita njia wachache wangeweza kumtambua uso.

Madiwani hawakupata kuzirudisha nguvu hizo. Mwaka 1942 mpango wa mameneja ulienezwa katika wilaya zote za nchi. Mwaka 1969 madiwani wa Dublin walijaribu kulitumia lile neno kubwa waliloachiwa, yaani kodi, kwa kukataa kupanga kiwango walichotakiwa. Waziri akalivunja Baraza tena, na mji ukatawaliwa bila madiwani kwa miaka kadhaa. Meya Mkuu wa Dublin hata leo huchaguliwa na madiwani kwa mwaka mmoja mmoja. Mji wa kwanza wa Ayalandi kumpata meya aliyechaguliwa moja kwa moja na wananchi, mwenye sehemu ya madaraka yaliyokuwa ya meneja, ni Limerick, na hilo lilitokea mwezi wa Juni 2024.

Basi Byrne aliingia Mansion House mwaka 1930 akiwa na umri wa miaka 48, na kilichokuwa mikononi mwake ni muda wake na miguu yake. Alivitumia vyote. Alipita mjini kwa baiskeli au kwa miguu, amevaa nguo rasmi, tai ya kipepeo shingoni, masharubu yamepakwa nta na kuchongoka, akimpa mkono kila amkutaye. Alizuru hospitali, akahudhuria mazishi, akafungua masoko ya hisani, akawagawia watoto peremende. Watu wa Dublin, ambao hawana haya kumpa mtu jina, walimwita Mkono Utikisao wa Dublin. Jina hilo lilikuwa na kejeli ndani yake, na lilitoka vinywani mwa watu wenye elimu. Mitaani halikumdhuru hata kidogo. Waswahili husema mkono mtupu haulambwi. Byrne aliutoa mkono mtupu, na mji mzima ukaushika.

Yafaa kuuliza kama mkono huo ulikuwa mtupu kweli. Mwanamke wa chumba kimoja, mwenye watoto sita na mume asiye na kazi, alikuwa na dai lake katika ofisi ya nyumba. Ofisini alikuwa namba katika orodha ndefu. Hakujua ni nani aamuaye, wala kwa kanuni gani, wala kama barua yake imesomwa. Alipokwenda Mansion House alimkuta mtu aliyemjua mama yake, aliyemsikiliza, akaandika jina lake, akatuma barua kwa wakubwa, kisha akamletea jibu. Jibu lingeweza kuwa lile lile ambalo angelipata bila barua. Lakini sasa lilikuwa na sahihi ya mtu. Wale wanaocheka siasa ya namna hiyo aghalabu ni watu ambao majina yao yanajulikana ofisini tangu zamani, na ambao hawakuhitaji Byrne kuwatajia.

Hata hivyo, sifa hizo zina upande wa pili. Sheria ya mwaka 1930 ilitungwa makusudi ili diwani asiweze kumpa rafiki yake nyumba. Kwa kadiri ilivyofanikiwa, barua ya Byrne haikuwa na uzito, na shukrani aliyoipokea kwa kura ilikuwa shukrani ya jambo ambalo hakulitenda. Kwa kadiri isivyofanikiwa, barua yake ilimsogeza mtu mmoja mbele na kumrudisha mwingine nyuma, naye aliyerudishwa nyuma hakujua. Pengine madhara makubwa kuliko hayo mawili ni kwamba watu walizoea. Walijifunza kuomba lililo haki yao kana kwamba ni hisani, na walijifunza kwamba kazi ya mtu waliyemchagua ni kuwaombea. Mwaka 1963 mwanachuoni Basil Chubb wa Chuo cha Trinity aliandika makala mashuhuri akionyesha kwamba shughuli kubwa ya mbunge wa Ayalandi ilikuwa ni kuwafuatafuata watumishi wa serikali kwa niaba ya mtu mmoja mmoja. Byrne hakulianzisha jambo hilo peke yake, lakini hakuna aliyelionyesha waziwazi kuliko yeye.

Namna ya kupiga kura nayo ilimsaidia. Tangu uhuru Waayalandi huchagua wabunge kadhaa katika kila jimbo, na mpiga kura huandika 1 mbele ya jina alipendalo, 2 mbele ya linalofuata, na kuendelea. Kura ya mshindi iliyozidi kiasi haipotei, huhamishiwa kwa anayefuata. Katika mpango huo mtu hashindani na wapinzani wake tu, bali hata na ndugu zake wa chama, na sura ijulikanayo ina thamani kubwa kuliko ilani. Mwaka 1932 Byrne alirudi katika Dáil kwa kura nyingi, hakutoka tena mpaka kifo. Alikuwa mbunge na meya kwa pamoja; wala kwa Waayalandi hilo halikuwa ajabu.

Mwaka huo wa 1932 ulikuwa kilele cha fahari ya umeya wake. Mwezi wa Juni Wakatoliki wa dunia walikutana Dublin katika Kongamano la Ekaristi, kukumbuka miaka 1,500 tangu Mtakatifu Patrick afike Ayalandi. Mjumbe wa Papa, Kardinali Lorenzo Lauri, alipokewa kwa heshima za kifalme, na misa ya mwisho katika bustani ya Phoenix ilihudhuriwa na watu wanaokadiriwa kufika milioni moja. Katika barabara za vyumba vya kupanga wakazi walikuwa wamepaka rangi kuta, wakatundika bendera dirishani na kujenga madhabahu ndogo uani. Eamon de Valera alikuwa ameishika serikali miezi michache tu, na wengi bado walimwogopa. Meya alikuwa mtu ambaye hakuna aliyemwogopa, na katika siku zile hiyo ilikuwa huduma.

Lakini majumba yale mabovu yalibomolewa na nani? Swali hili halimpendelei Byrne sana. Serikali ya de Valera ilitunga sheria ya nyumba mwaka huo huo wa 1932, ikaipa miji ruzuku kubwa ya kubomoa na kujenga. Mji wa Dublin ukamweka Herbert Simms kuwa mbunifu wake wa nyumba. Katika miaka kumi na sita mtu huyo na wasaidizi wake walijenga nyumba zipatazo 17,000: majengo ya ghorofa katikati ya mji, na mitaa mipya ya Crumlin na Cabra pembezoni. Madiwani waliidhinisha mikopo, na Byrne alikuwa miongoni mwao. Fedha zilitoka kwa serikali ambayo hakuiunga mkono, na kazi ilifanywa na ofisi ambayo hakuwa na amri juu yake. Simms alijiua mwaka 1948, amechoshwa na kazi. Wengi waliolala usingizi mzuri katika nyumba zake hawakupata kulisikia jina lake, na walipofungua mlango wa nyumba hizo aliyekuja kuwapa mkono wa heri alikuwa Alfie Byrne.

Haifai kusema kwamba alimwibia yule mwingine sifa. Sifa ile ilikuwa imeachwa njiani kwa mpango wa sheria, yeye akaiokota.

Mwaka 1935 alizuru Amerika ya Kaskazini, na magazeti ya huko yakampokea kwa furaha kubwa. Alipokuwa amekaa umeyani miaka saba na zaidi, likatokea jambo lililoonyesha umbali ambao mkono wake ungeweza kufika, na mahali ulipokoma. Katiba mpya ya mwaka 1937 ilianzisha cheo cha Rais wa nchi, achaguliwe na wananchi wote. Jina la Byrne likaanza kutajwa, naye hakulikanusha. Vyama vikubwa viliingiwa na wasiwasi, kwa kuwa katika kura ya nchi nzima mtu asiye na adui ni wa kuogopwa kuliko mwenye rafiki wengi. Ila Katiba ilikuwa na mlango mwembamba: mgombea alitakiwa kupendekezwa na wabunge au maseneta 20, au na mabaraza manne ya wilaya au miji mikuu. Fianna Fáil na Fine Gael, maadui wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, walikubaliana juu ya mtu mmoja, Douglas Hyde, mwanachuoni mzee wa lugha ya Kiayalandi, Mprotestanti, asiye na chama. Hapakuwa na mgombea mwingine, na Hyde akaapishwa tarehe 25 Juni 1938. Uteuzi wake ulikuwa mzuri, na nchi ilipata heshima kwa huo. Lakini wananchi waliopewa kura ya kumchagua Rais hawakuipiga, na sehemu moja ya sababu ni hofu ya mtu aliyewashika mkono.

Mwaka uliofuata, tarehe 27 Juni 1939, madiwani walimchagua Kathleen Clarke kuwa Meya Mkuu wa Dublin, mwanamke wa kwanza kukishika cheo hicho. Alikuwa mjane wa Tom Clarke, aliyepigwa risasi na Waingereza tarehe 3 Mei 1916, na ndugu yake Edward Daly aliuawa vivyo hivyo siku ya pili yake. Mama huyo alipoingia Mansion House alikuta picha kubwa ya Malkia Victoria imetundikwa, akaamuru iondolewe mara moja, maana hakuweza kulala chini ya dari moja nayo. Byrne alikuwa amelala chini ya dari hiyo miaka tisa. Kisa hiki kidogo chaeleza tofauti yao vizuri kuliko hotuba. Clarke alikiona cheo kuwa alama ya taifa, na alama lazima isafishwe. Kwa Byrne jumba lile lilikuwa mlango wa kupokelea watu, na picha ya ukutani haikumzuia mtu kuingia.

Akabaki mbunge na diwani, akaendelea na mizunguko yake ile ile miaka kumi na mitano. Siasa ikawa kazi ya nyumba yake: wanawe watatu, Alfred, Thomas na Patrick, kila mmoja kwa wakati wake, waliingia katika Dáil. Mwaka 1954, akiwa na miaka 72, madiwani walimrudishia mkufu kwa mara ya kumi. Chuo cha Trinity, ambacho kwa muda mrefu kilikuwa ngome ya Waprotestanti na ya Uingereza katikati ya mji, kilimtunuku yule kijana aliyeacha shule akiwa na miaka 13 shahada ya heshima ya udaktari wa sheria. Alipouacha umeya mwaka 1955 ulichukuliwa na Denis Larkin, mwana wa James Larkin, kiongozi wa wafanyakazi katika mgomo mkubwa wa mwaka 1913. Larkin mzee alikuwa amewafundisha watu wa vyumba vya kupanga kukunja ngumi, na Byrne alikuwa amewafundisha kunyosha kiganja. Mji ulikuwa na nafasi kwa wote wawili, na mara nyingi nyumba moja iliwapigia kura wote wawili, mmoja wa kwanza na mwingine wa pili.

Alfred Byrne alikufa tarehe 13 Machi 1956, siku nne kabla ya kutimiza miaka 74. Makundi ya watu yalisimama barabarani kulitazama jeneza lake likipita, akazikwa katika makaburi ya Glasnevin. Mwanawe Alfred alikuwa amekwisha fariki mwaka 1952 akiwa mbunge, na kiti chake kilikuwa kimechukuliwa na ndugu yake Thomas. Sasa kiti cha baba kilikuwa wazi. Tarehe 30 Aprili 1956 wapiga kura wa Dublin Kaskazini-Mashariki walikwenda vituoni, wakamchagua Patrick.